Sahani za Siti binti Saad: Usafi wa Sauti na Amana ya Lugha

Kabla ya santuri kufika pwani, mwimbaji alipokufa aliacha sifa peke yake. Sauti ilikwenda naye kaburini, na waliobaki walisimuliana kuwa ilikuwa tamu, pasipo njia ya kumwonjesha utamu huo mtu ambaye hakuwapo. Siti binti Saad, aliyefariki tarehe 8 Julai 1950, aliacha vyote viwili. Sifa zake ziliandikwa na Shaaban Robert katika wasifu uliotolewa mwaka wa 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuchorwa katika sahani za lakiri tangu mwezi wa Machi 1928, aliposafiri na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Wasifu ulipata wahariri, wachapaji na walimu wa kuufafanua. Sauti bado inangoja mhariri wake.

Neno hili la kungoja mhariri laweza kushangaza, kwa sababu sauti za zamani hazijapata kutolewa upya kwa wingi kama zinavyotolewa katika karne hii. Sahani kubwa za vinili, zilizodhaniwa kuwa zimekufa, zimerudi kupendwa. Na kila mwaka waimbaji wa zamani wa Misri, wa Marekani, wa Ufaransa na wa Afrika hutolewa katika mikusanyo mizuri yenye majalada ya fahari. Karibu kila mkusanyo wa namna hiyo hutangazwa kwa sifa moja kabla ya nyingine zote, nayo ni kwamba sauti imesafishwa. Sifa hii hupokewa bila swali, kama sifa ya nguo iliyofuliwa. Lakini nguo ikifuliwa kwa nguvu hupauka, na pengine nakshi yake hufutika pamoja na taka. Yapasa kuuliza, kwa habari ya mwimbaji kama Siti ambaye nyimbo zake ni hazina ya lugha pamoja na kuwa hazina ya muziki, ni kitu gani hasa kinachoondolewa sauti inaposafishwa, na nani mwenye haki ya kukiondoa.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka wa 1911, na huko alifundishwa kuimba na kupewa nafasi miongoni mwa mafundi wa ala. Katika watu waliompigia na kumwitikia, majina ya Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban Umbaye yamehifadhiwa. Taarabu aliyoikuta ilikuwa na asili ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga ganuni. Na lugha iliyopewa heshima katika muziki huo ilikuwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiarabu pia, walakini alichokipeleka Bombay kikajulikana pwani nzima ni Kiswahili. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuimba katika sahani, na sahani zake ziliuzwa kwa maelfu. Katika barua, vitabu na magazeti ya wakati ule Kiswahili cha Unguja kiliandikwa. Katika sahani hizi kilisikika.

Hapa pana tukio moja la tarehe ambalo wanachuoni wa lugha hawakulipa uzito unaostahili. Siti aliimba Bombay mwezi wa Machi 1928. Mwezi wa Juni mwaka uo huo mkutano ulifanyika Mombasa, ukakata shauri kuwa lahaja ya Unguja ndiyo itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi za Afrika ya Mashariki. Kamati ya Lugha iliyozaliwa kutokana na shauri lile ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kamusi yake kubwa, iliyofungamana na jina la Frederick Johnson, ilitoka mwaka wa 1939. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Kiunguja kilifanyiwa mambo mawili. Wataalamu walikichagua kwa karatasi, na mwanamke wa Fumba alikichora kwa sauti. Karatasi ilizaa kamusi, sarufi na tahajia. Sahani zilizaa furaha katika mabaraza na mikahawa, kisha zikaachwa zikwaruzwe, zivunjike au ziuzwe kwa watafutaji wa vitu vya kale. Mtu atakaye kujua Kiswahili Sanifu kilichaguliwa kutoka katika usemi wa namna gani, atapata vitabu tele vya kumweleza jinsi ulivyoandikwa. Atakaye kuusikia hana budi kurudi kwenye lakiri.

Ili kupima thamani ya ushahidi huu sharti kwanza kujua ulivyopatikana. Mwaka wa 1928 hapakuwa na utepe wa sumaku katika vyumba vya kurekodia. Utepe uliingia kazini kwa jumla mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwimbaji aliimba mara moja, na sindano ikachora mchirizi katika nta. Nta ile ilipakwa madini, madini yakawa muhuri, na muhuri ukakanyaga lakiri. Kosa halikuweza kukatwa wala kipande kizuri kuungwa mahali pa kipande kibaya. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika 3 hivi, na utungo uliozoea kuimbwa usiku kucha ulilazimika kukaa humo. Njia ya maikrofoni na umeme, iliyoanza kuenea tangu 1925, iliboresha mambo sana, lakini nayo ilikuwa na mpaka: sauti zenye mitetemo zaidi ya 5,000 hivi kwa sekunde zilinaswa kwa udhaifu au hazikunaswa kabisa.

Mpaka huu ni jambo dogo kwa msikilizaji wa fidla na udi, lakini ni jambo kubwa kwa mwanafonetiki. Irabu hukaa chini ya mpaka huo, na kwa sababu hiyo irabu za sahani za kale husikika vyema. Konsonanti ndizo zilizo hatarini. Sauti ya [s] ina nguvu yake nyingi juu ya mitetemo 4,000. Sauti ya [sh] huanzia chini kidogo. [F] na [th] ni pumzi dhaifu zilizotawanyika. Maana yake ni kwamba katika lakiri ya 1928 konsonanti hizi zilikwisha kunyang'anywa sehemu ya mali yao siku ile ile zilipoimbwa. Kilichobakia ni kidogo, nacho kimekaa katika eneo lile lile linalokaliwa na mchakacho wa lakiri. Mtengenezaji anaposhusha mchakacho ili muziki usikike kama uliorekodiwa jana, hushusha pamoja nao masalia ya [s], [sh], [f], [th] na [ch]. Mashine haina namna ya kutambua kuwa pumzi hii ni ya ulimi wa Siti na pumzi ile ni ya vumbi. Kwa mashine zote mbili ni kelele.

Hasara hii si ya kinadharia. Washairi wa pwani, hata waliozaliwa na kukulia Unguja, wana desturi ya kale ya kuazima maneno ya kaskazini wanapotunga. Mtu anayesema *macho* sokoni huimba *mato* katika shairi. Asemaye *njia* huimba *ndia*. Desturi hiyo ni alama ya elimu ya mtunzi, heshima ya utungo na hadhira inayokusudiwa. Basi swali la kwanza ambalo mwanachuoni atauliza juu ya mwimbaji wa Unguja wa 1928 ni hili: katika utungo gani aliimba *mato*, na katika upi aliimba *macho*? Je, nyimbo za mapenzi zilifuata desturi ya kaskazini, ilhali nyimbo za habari za mjini, kama ule mashuhuri wa Kijiti uliohusu kuuawa kwa mwanamke mgeni na mashitaka yaliyofuata, zilifuata ulimi wa mtaani? Tofauti kati ya [t] na [ch] ni ile pumzi fupi ya mkwaruzo inayofuata mpasuko. Ondoa pumzi ile, na *macho* yatakaribia kuwa *mato*. Mtengenezaji aliyezidisha usafi atakuwa amemhamisha Siti kutoka Ng'ambo mpaka Lamu bila yeye mwenyewe kujua.

Mfano wa pili ni mpumuo. Tahajia sanifu haina alama ya kutenganisha *paa* wa porini na *paa* la nyumba, wala *kaa* wa pwani na *kaa* la moto. Ulimi wa pwani huwatenganisha: mnyama hutamkwa kwa mpumuo, paa la nyumba bila mpumuo. Tahajia ilipoacha kuonyesha tofauti hii, vizazi vya wasomaji wa bara vilijifunza Kiswahili pasipo kuijua, na leo inafifia hata mijini mwa pwani. Mtu anayetaka kufuata historia ya kufifia huku hataipata katika vitabu, kwa kuwa vitabu viliinyamazia. Ataipata katika sauti zilizonaswa. Lakini mpasuko wa [p] na [k] ni mshindo mfupi mno, na mikwaruzo ya sahani ni mishindo mifupi mno vilevile. Vifaa vinavyowinda mikwaruzo huweza kuuma mpasuko wa konsonanti kwa kudhani ni mkwaruzo. Na mpumuo unaofuata, ambao ni pumzi tupu, hupatwa na fagio la pili, lile la kuondoa mchakacho. Kinachobaki ni irabu safi yenye ncha laini mwanzoni. Masikio ya muziki hufurahi. Masikio ya lugha yamepotezewa shahidi.

Vivyo hivyo kwa sauti zilizotoka katika Kiarabu. Kama mwimbaji alitamka *kheri* au *heri*, *dhahabu* au *zahabu*, *thelathini* au *selasini*, hilo ni jambo la historia ya jamii pamoja na kuwa jambo la matamshi. Katika Unguja ya wakati ule matamshi ya Kiarabu yalikuwa kipimo cha daraja la mtu, na mwanamke aliyeitwa Mtumwa akapanda hata kuimba mbele ya wakubwa alikuwa akitembea juu ya ngazi hiyo kila alipofumbua kinywa. Laura Fair, katika kitabu chake juu ya starehe na siasa za Unguja kilichotoka mwaka wa 2001, alionyesha jinsi nyimbo za Siti zilivyosema mambo ya watu wa Ng'ambo ambayo hati za serikali hazikuyasema. Alilolifanya kwa maana ya maneno bado halijafanywa kwa matamshi yake. Nalo haliwezi kufanywa juu ya sahani iliyopigwa pasi.

Hapa huingia hatari iliyo kubwa kuliko mashine, nayo ni sikio la msikilizaji mwenyewe. Mtu anayejua lugha hasikii konsonanti iliyokosekana, huijaza. Ubongo wake humletea neno analolitarajia, naye huapa kuwa amelisikia. Lakini neno analolitarajia msikilizaji aliyesoma shule ni la Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo sahani iliyosafishwa mno husanifishwa mara mbili: kwanza na fagio lililoondoa tofauti, kisha na sikio lililojaza pengo kwa kamusi. Mwandishi wa jalada huja akaandika maneno hayo kwa tahajia ya leo, na msomaji wa jalada husikiliza akiwa na maandishi mkononi, asisikie tena kitu kingine. Mzunguko huo ukifungwa, sahani iliyopaswa kuwa shahidi juu ya Kiswahili Sanifu hugeuzwa kuwa mwanafunzi wake.

Jambo la mwendo nalo lataka uangalifu. Sahani hizo huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini katika miaka ya 1920 hesabu hiyo ilikuwa jina kuliko kipimo. Mitambo ya kurekodi ilipishana, na tofauti ya mizunguko 4 hivi chini au juu haikuwa ajabu. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 ikipigwa kwa 78 hupanda karibu nusu toni, na wimbo wa sekunde 190 humalizika kwa 180. Tofauti hiyo haitoshi kugeuza irabu [a] kuwa [e], lakini yatosha kumfanya mwanamke wa miaka 48, umri wa Siti alipokwenda Bombay, asikike kama kijana. Yatosha kuharibu kila kipimo cha urefu wa silabi. Na yatosha kumdanganya mwanamuziki juu ya maqam. Fidla na udi hufungwa kwa kadiri ya koo la mwimbaji, hivyo haviwezi kutoa ushahidi wa kima cha asili. Mtengenezaji huchagua mwendo kwa kulinganisha sahani nyingi za kikao kimoja na kwa kutumia akili. Uchaguzi ni halali. Kuuficha si halali. Katika Marekani mzozo mrefu ulizuka juu ya mwendo wa sahani za Robert Johnson alizorekodi mwaka wa 1936 na 1937, wengine wakidai sauti ijulikanayo na dunia nzima imeharakishwa, wengine wakikataa. Lililo la maana katika mzozo ule ni kwamba wapenzi wa muziki walijadiliana juu ya mizunguko kama wahariri wanavyojadiliana juu ya herufi.

Mlinganisho huo wa mhariri ndio unaofaa kufuatwa. Mtu anapotoa utenzi wa kale, wasomi humdai mambo yanayojulikana. Ataje miswada aliyoitumia, aeleze iliyoliwa na mchwa mahali gani, aonyeshe alipochagua neno la mswada mmoja akaacha la mwingine, na akisahihisha aseme amesahihisha. Sahani ya lakiri ni mswada kwa kila hali. Ina nakala, na kila nakala imeharibika mahali pake, kwa kuwa sindano za chuma za wakati ule zilikula mchirizi kila zilipopita. Nakala mbili zikilinganishwa, palipozibwa katika moja huweza kusomeka katika nyingine. Ina namba zilizopigwa karibu na kitovu zinazomjulisha mtafiti kama nakala hizo ni za uimbaji mmoja au ni za uimbaji mwingine wa utungo ule ule, yaani matini mbili. Hata sindano ya kusomea ni uamuzi wa kihariri. Mchirizi wa lakiri ni mpana yapata mara tatu kuliko wa vinili, na fundi anayebadili ukubwa wa sindano hufikia sehemu ya ukuta wa mchirizi ambayo sindano za zamani hazikuikwangua. J. W. T. Allen, alipotoa mwaka wa 1970 orodha ya hazina ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, aliorodhesha miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na tepu katika kitabu kimoja. Kuziweka sauti karibu na miswada kulikuwa kukiri kuwa zote mbili ni matini. Waliomfuata waliendeleza utunzaji wa miswada kwa bidii. Heshima ya kihariri kwa sauti ilibaki nyuma.

Hapana budi kusikiliza hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina haki yake. Siti hakuimba kwa ajili ya wanafonetiki. Aliimba ili watu wafurahi, wacheke, wajifunze na walie. Na mjukuu wa mtu aliyempenda ana haki ya kusikia wimbo bila kuvumilia tufani ya mchakacho. Sahani moja kubwa ya vinili ya mizunguko 33 na theluthi, ya namna iliyotolewa na Columbia tangu 1948, hubeba nyimbo 14 hivi za dakika 3. Msikilizaji wa kawaida hawezi kukaa chini ya mchakacho huo dakika 40 na zaidi bila kuchoka, na akichoka Siti atakuwa amekufa mara ya pili. Tena wapo waabudu mikwaruzo, wanaoona kila kelele ya zamani kuwa ni uhalisi. Huo nao ni upotovu, maana mikwaruzo haikuwamo Bombay. Iliingizwa na vumbi na sindano baadaye.

Hoja hii ni kweli, lakini haithibitishi kinachodaiwa. Inathibitisha kwamba pawe na sahani ya kusikilizwa. Haithibitishi kwamba sahani ya kusikilizwa iwe ndiyo pekee. Mwalimu wa shule hutoa utenzi kwa tahajia nyepesi kwa wanafunzi wake, wala hachomi mswada. Katika nchi zenye tepu zilizohifadhiwa jambo hili limekwisha kueleweka: mwaka wa 2014 nyimbo za Beatles za mkondo mmoja zilichorwa upya katika vinili moja kwa moja kutoka tepu za asili, bila kupitia tarakimu za kompyuta, na wanunuzi walilipa kwa furaha kwa sababu waliahidiwa kuwa hakuna mkono uliopita katikati. Ahadi kama hiyo haiwezekani kwa Siti, kwa kuwa tepu haikuwapo. Mkono hauna budi kupita. Ndiyo maana mkono huo wapaswa kuonekana.

Katika mikusanyo ya muziki wa kale wa Waswahili, ule ulioitwa *Poetry and Languid Charm*, uliotolewa na Topic Records mwaka wa 2007 katika sidii, wafaa kutajwa kwa heshima. Ulikusanya muziki wa Tanzania na Kenya wa tangu miaka ya 1920 hata ya 1950, na mhariri wake, Janet Topp Fargion, ni mtaalamu wa taarabu aliyeandika kitabu kizima juu ya sanaa hiyo katika Unguja ya karne ya ishirini. Mkusanyo wenye msomi mlangoni ni tofauti na mkusanyo wenye mfanyabiashara peke yake. Lakini mkusanyo wa eneo zima na wa miaka 30 hufanya kazi ya ramani: humwonyesha msikilizaji nchi. Siti astahili kitu kingine zaidi ya ramani. Astahili toleo lake mwenyewe, kama Shaaban Robert alivyopata diwani zake. Toleo linalokusanya kila upande uliookoka, kwa utaratibu wa vikao na namba, likimpa mwimbaji mmoja nafasi ya kusikilizwa kama mtu mzima mwenye kuanza, kukomaa na kubadilika.

Toleo la namna hiyo litahukumiwa kwa masharti manne. Kwanza, litoe sauti mara mbili: mara moja kwa msikilizaji, ikiwa imesafishwa kwa kiasi, na mara moja kwa mtafiti, ikiwa kama ilivyotoka katika mchirizi, nayo iwekwe katika maktaba za Unguja na Dar es Salaam ambako wenye lugha wataifikia bila nauli ya kwenda Ulaya. Pili, litaje nakala, namba, mwendo na sindano. Litaje pia namna ya kusawazisha besi na sauti za juu, kwa kuwa kila kampuni ilikuwa na desturi yake kabla kipimo kimoja hakijakubaliwa mwaka wa 1954. Tatu, maneno yaandikwe kama yalivyoimbwa, na palipo na shaka shaka iandikwe. Tahajia sanifu iwe chini ya ukurasa kama tafsiri, isiwe juu kama sheria. Nne, aliyesikiliza na kuandika awe amekaa na wazee wa Unguja wanaoifahamu lahaja, kwa maana sikio la chuo peke yake litajaza mapengo kwa kamusi.

Gharama ya masharti haya si kubwa ukilinganisha na gharama ya jalada la fahari. Kizuizi chake ni mazoea ya kuihesabu sahani kuwa starehe na kitabu kuwa elimu. Mazoea hayo yalikuwapo mwaka wa 1928, wakati wataalamu walipokaa Mombasa kukichagua Kiunguja, na Kiunguja chenyewe kimetoka tu kuchorwa Bombay miezi mitatu kabla. Waliandika vema waliyoyaandika. Lakini lakiri huchakaa na kuvunjika, na kila nakala inayovunjika hupunguza idadi ya mashahidi. Vyuo vya Kiswahili vilivyorithi kazi ya Kamati ile vina wajibu wa kumrithi Siti pia, na kazi ya kwanza ya mrithi ni kuhesabu mali kabla hajaisafisha.